Nani Atajenga Chini ya Mlima Meru?



Siku hizi kila nikifungua simu nakutana na tangazo lile lile kwa maneno tofauti. Viwanja Olmoti, jirani na uwanja wa AFCON, wahi kabla bei haijapanda. Kiwanja Moivaro, unauona Mlima Meru ukiwa umelala kitandani. Nyumba Njiro, ndani ya geti, kisima chake, bei ni kwa dola. Kwa dola, ndugu zangu, Arusha hii hii, wakati kanuni za fedha za kigeni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kutangaza bei kwa fedha ya nje. Tangazo lipo hewani na aliyeliweka hana hofu na mtu.

Matangazo hayo hayakuandikwa kwa ajili yako wewe chalii wa Unga Limited, wala wewe binti unayefanya usafi kwenye loji za Usa River. Mnatajwa humo kama mandhari tu: wenyeji wakarimu, hali ya hewa ya ubaridi, mlima. Mteja yuko kwingine.

Leo nina hoja moja. Kijana wa Arusha kukosa pa kujenga si laana, si uvivu wake, na wala si kosa la kabila fulani au Mzungu fulani aliyenunua jirani. Ni matokeo ya maamuzi ya chama kilichoko madarakani, na kila uamuzi una tarehe. Nasoma sheria, kwa hiyo nitawapa tarehe na sheria zenyewe. Mkibishana vijiweni, muwe na cha kushika mkononi.

TUANZE NA HESABU

Kima cha chini cha mshahara serikalini kilikuwa shilingi 370,000 tangu Julai 2022. Mei Mosi 2025 Rais alitangaza kitapanda hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo, na watu wakapiga makofi. Sawa, tupige makofi, halafu tukae chini tuhesabu.

Tuseme umepata kiwanja kidogo pembezoni huko, hakijapimwa, barabara ni ya vumbi, bei milioni 15. Ukiweka akiba laki moja kila mwezi kutoka kwenye hiyo laki tano, bila kuugua, bila msiba, bila mdogo wako kufukuzwa ada, utafikisha milioni 15 baada ya miezi 150. Ni miaka 12 na nusu. Hapo una udongo tu, hujanunua tofali hata moja. Na hiyo miaka 12 bei haitakaa kukusubiri wewe.

Watakwambia nenda benki. Haya, twende. Taarifa za Benki Kuu zenyewe huonyesha riba ya mikopo ya nyumba nchini ikicheza kwenye asilimia 15 hadi 19. Chukua mkopo wa milioni 50, riba asilimia 17, miaka 15. Rejesho lako ni kama shilingi 770,000 kwa mwezi. Yaani mshahara mpya wote uliopigiwa makofi hautoshi kulipa rejesho la mwezi mmoja. Ukifika mwisho utakuwa umelipa karibu milioni 139 kwa nyumba ya milioni 50. Ndiyo maana katika nchi ya watu zaidi ya milioni 60, wenye mikopo hiyo bado wanahesabiwa kwa maelfu tu, na wengi ni wale ambao wangejenga hata bila mkopo.

Hapo nimemzungumzia mwajiriwa wa serikali. Mpagazi wa mlimani anayelipwa kwa safari, mama wa Soko la Kilombero, dereva wa bodaboda wa Sakina, hao benki haiwafungulii hata mlango wa mazungumzo.

Wakati huo huo mji unajaa. Sensa ya 2012 ilikuta watu 416,442 ndani ya Jiji la Arusha. Sensa ya 2022 ikakuta 617,631. Wameongezeka watu zaidi ya laki mbili ndani ya miaka kumi. Hawa walipangiwa kulala wapi? Muulizeni diwani wenu ni viwanja vingapi vilipimwa kwenye kata yake katika miaka hiyo kumi. Mwangalieni usoni anapojibu.

MAAMUZI YENYE TAREHE

Mji wetu una jina kubwa kwenye historia ya nchi hii. Azimio la Arusha, Februari 1967. Wengi tunalijua kwa mashairi ya shule ya msingi, lakini ni wachache waliosoma miiko ya viongozi iliyomo ndani yake. Mmojawapo ulisema kiongozi wa TANU au wa serikali asiwe na nyumba ya kupangisha. Hebu soma tena taratibu. Kiongozi haruhusiwi kuwa baba mwenye nyumba. Sababu ilikuwa wazi: mtu anayeishi kwa kodi ya wapangaji hawezi kuwatungia wapangaji sheria ya haki.

Mwaka 1991, kwenye kikao cha Zanzibar, CCM ikailegeza miiko hiyo. Tangu hapo kiongozi anaruhusiwa kupangisha, kumiliki hisa, kukusanya. Hiyo ni tarehe ya kwanza.

Ya pili ni kuanzia mwaka 2002. Chini ya Rais Mkapa, Wizara ya Ujenzi ikiongozwa na John Magufuli, serikali iliuza maelfu ya nyumba zake nchi nzima. Nyumba zilizojengwa kwa fedha ya umma, nyingi zikiwa kwenye maeneo mazuri ya miji, zikawa mali za watu binafsi. Mtumishi aliyeajiriwa baada ya hapo akaja kupambana na dalali mtaani kama sisi wengine.

Ya tatu, mwaka 2005. Tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya 1984. Ilikuwa na kasoro zake, sikatai, ila angalau mpangaji alikuwa na mahali pa kwenda kulalamika kodi ikipandishwa kiholela. Bunge likaifuta. Miaka 20 imepita na hakuna sheria iliyokuja kuziba pengo hilo sawasawa. Leo uhusiano wako na mwenye nyumba unategemea mkataba mliouandika, na kwa wengi wetu huo mkataba ni karatasi ya daftari au neno la mdomo.

Unganisha sasa hizo tarehe tatu. Kwanza kiongozi anaruhusiwa kuwa mwenye nyumba, kisha nyumba za umma zinauzwa, kisha sheria ya kumlinda mpangaji inafutwa. Mimi sihitaji mtu anieleze kuwa ni bahati mbaya.

Halafu kuna Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962, uhuru ukiwa bado mbichi, ili mtu wa chini mjini apate pa kuishi. Hapa kwetu lina mradi unaoitwa Safari City, kule Mateves. Nenda kaulize bei ya nyumba, andika kwenye karatasi, halafu weka hati yako ya mshahara pembeni. Sina la kuongeza.

MLIMA HUU UNAJUA KUNYANG'ANYWA

Kuna watu wanadhani kelele za ardhi Arumeru zimeletwa na vyama vingi. Hapana. Mwaka 1951 serikali ya mkoloni iliwatoa kwa nguvu Wameru wapatao elfu tatu kutoka Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa moto, ili eneo liwe la wafugaji walowezi wa Kizungu. Mwaka uliofuata, 1952, Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kuwasemea watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia ardhi. Lakini watu wa mlimani walichanga fedha zao, wakamtuma kijana wao, na dunia ikasikia jina la Meru. Miaka miwili baadaye TANU ikazaliwa, ikiwa imejifunza kitu kutoka kwao.

Ruka mpaka Aprili 2012. Uchaguzi mdogo wa Arumeru Mashariki. Joshua Nassari, kijana wa miaka ya ishirini, anasimama kwa tiketi ya CHADEMA, anashinda. Mnakumbuka ajenda ilikuwa nini? Ardhi. Vijana wamebanwa kwenye vihamba vya baba zao vilivyogawanywa mpaka vimebaki ukubwa wa chumba, huku chini yao kuna mashamba makubwa yaliyorithiwa kutoka kwa walowezi. Wazee walimpigia kura mtoto kwa sababu ya udongo. Baadaye Nassari mwenyewe akahamia upande wa pili. Watu walihama, ajenda haikuhama. Ardhi bado ipo pale pale, na vijana wameongezeka.

Leo ukitoka Arusha kwenda Usa River unaweza kupita jirani na makazi ya geti yenye uwanja wa gofu wa mashimo 18, nyasi za kijani mwaka mzima. Pandisha upande wa pili wa mlima, kule Ngarenanyuki, utakutana na watoto wenye meno ya kahawia kwa sababu maji wanayokunywa yana madini ya floraidi kupita kiasi. Mlima ni huo huo mmoja. Anayetaka kujua nini maana ya tabaka asome kwa macho, hahitaji kitabu.

MUHURI WA MWENYEKITI

Sasa tuje mtaani kwenyewe, maana hapa ndipo wengi tunapoumizwa.

Mama yangu aliuza mahindi na maharage miaka mingi. Akapata kiwanja kwenye kata moja ya pembezoni, akalipa kwa awamu mbili, mauziano yakaandikwa ofisi ya mtaa, mashahidi wanne, muhuri wa bluu. Mwenyekiti akachukua asilimia kumi yake, na risiti hakutoa. Mwaka wa pili mama anapeleka mawe ya msingi, anakuta mtu mwingine ameshachimba. Na yeye ana karatasi ya mauziano. Na yake ina muhuri. Ule ule.

Mimi wakati huo nilikuwa kidato cha nne. Nilivyoingia chuo, somo la kwanza nililolitafuta lilikuwa la ardhi, na niliyoyakuta humo yanafaa kuandikwa kwenye kila ukuta wa Arusha.

La kwanza: Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 haina kifungu kinachompa mwenyekiti wa mtaa asilimia kumi ya bei ya kiwanja chako. Hakipo. Ile hela ni ya mazoea.

La pili: karatasi ya mauziano yenye muhuri si hati. Ni makubaliano kati yako na muuzaji. Kama muuzaji hakuwa na haki ya kuuza, umenunua maneno yake tu.

La tatu: ukinunua kwenye kijiji, na vijiji bado ni vingi Arusha DC na Meru DC, unaingia kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Huko msimamizi wa ardhi ni halmashauri ya kijiji, tena kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti peke yake, hata awe na mihuri mitatu, hana mamlaka hayo. Mahakama zimeshafuta mauziano ya namna hiyo zaidi ya mara moja, na aliyeumia ni mnunuzi.

La nne, mabinti na akina mama sikilizeni: Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Na Sheria ya Ardhi inamtaka mwenye benki ahakikishe ridhaa hiyo ipo. Ni wanawake wangapi hapa Arusha wameletewa karatasi ya kusaini baada ya nyumba kuuzwa?

Tatizo ni hili. Sheria ipo, lakini anayeisimamia mlangoni kwako ni mwenyekiti wa mtaa, na huyo mwenyekiti tulimpataje? Novemba 27, 2024 kulikuwa na kitu kilichoitwa uchaguzi wa serikali za mitaa. Wagombea wetu walienguliwa kwa maelfu kwa sababu za kuchekesha: herufi, kalamu, mhuri. CCM ikatangazwa kupata zaidi ya asilimia 98 ya viti. Mwaka 2019 tuliyaona hayo hayo. Kwa hiyo mtu anayegonga muhuri kwenye kiwanja cha mama yako hakuogopa kura yako kuingia ofisini, na haiogopi kubaki.

Ndiyo maana nawaambia wale wanaouliza "siasa inahusiana nini na maisha yangu": ukitaka kujua thamani ya kura ya mtaa, nunua kiwanja.

"LAKINI WAGENI WANALETA MAENDELEO"

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: bei ya ardhi ikipanda ni dalili ya maendeleo, utalii unaleta ajira, tusiwe na wivu.

Sina tatizo na utalii. Ndugu zangu wanakula kwa utalii. Na sina tatizo na mgeni. Mji huu umezoea wageni: Mahakama ya Rwanda ilikaa hapa kuanzia 1995 mpaka mwisho wa 2015, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake hapa. Wafanyakazi wa taasisi hizo walilipa kodi kubwa, wenye nyumba wakaizoea. Walioondoka wameondoka, ila hamu ya kodi ya namna ile imebaki.

Swali langu ni la kisheria. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi kinasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kupitia utaratibu wa sheria ya uwekezaji. Hakuna kifungu cha "nimeipenda hali ya hewa". Basi nyumba za mapumziko zinazoota kwenye miteremko ya Meru zimesajiliwa kwa jina la nani? La kampuni? La mlinzi? La mpenzi? Sina orodha, na hapo ndipo penye shida: orodha hiyo haipo mahali ambapo mwananchi wa kawaida anaweza kuisoma. Serikali inayoweza kujua umelipa kodi kiasi gani kwenye miamala ya simu haiwezi kushindwa kujua nani anamiliki mlima.

Na sheria zenyewe zimeachiwa matundu. Sheria Na. 4, inapotafsiri ardhi ya jumla, inaingiza humo hata ardhi ya kijiji ambayo haijakaliwa au haitumiki. Sheria Na. 5 iliyotungwa mwaka huo huo inasema ardhi ya kijiji ni ya kijiji. Sheria mbili, Bunge moja, mwaka mmoja. Malisho ambayo Mwarusha ameyapumzisha msimu huu, je, "hayatumiki"? Mwenye gari la namba za wizara atasema hayatumiki.

Jibu la pili ni lile la sumu: "Wamenunua wakuja, kabila fulani limejaa." Vijana wetu wengine wanaliamini. Makamanda, Katiba ibara ya 17 inampa kila raia haki ya kuishi popote ndani ya nchi yake. Mtu aliyetoka Singida au Rombo akanunua kwa jasho lake Muriet hajakuibia. Ukigombana naye, anayefurahi ni yule aliyewauzia wote wawili kiwanja kimoja.

GETO NALO

Wengi wetu kiwanja bado ni ndoto. Tuko kwenye geto. Mwanafunzi wa chuo anapanga chumba kimoja, choo cha nje, anadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kabla hujakiona chumba, dalali anataka hela ya kukuonyesha. Ukikipenda, anataka kodi ya mwezi mmoja juu yake. Ukiwa binti kuna maswali ya ziada: umeolewa? Utakuwa unaleta wageni? Nani anakulipia? Mimi mwenye nyumba mmoja alinipandishia kodi katikati ya mitihani kwa ujumbe wa simu wa mistari miwili, akaniambia kama siwezi nihamishe vitu vyangu wikiendi ile. Nilitafuta kifungu cha kumwonyesha. Kilifutwa nikiwa bado mtoto mdogo.

Halafu watu wanashangaa vijana wanakimbilia bondeni, kandokando ya mto Themi na Naura. Huko nako kuna sheria: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sheria nzuri, mto ni wetu sote. Ila alama ya X nyekundu huwa inajua njia ya kwenda kwenye nyumba ya mabati haraka sana kuliko inavyojua njia ya kwenda kwenye hoteli yenye bustani inayoshuka mpaka majini.

UKIDHULUMIWA UNAKWENDA WAPI?

Baraza la Ardhi la Kata? Tangu marekebisho ya 2021 halina tena uwezo wa kuamua kesi, kazi yake ni kusuluhisha ndani ya siku 30. Mkishindwana, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwenye foleni, nauli, wakili. Kisha Mahakama Kuu. Kisha Rufani. Mama yangu alihesabu gharama akaona ni bora anunue tena mahali pengine kuliko kudai alichokwisha kununua. Kwa wanyonge, hiyo ndiyo hukumu.

Na ukifika juu kabisa ukakosa haki, kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Iko wapi? Hapa hapa Arusha. Watu wanatoka nchi nyingine za Afrika wanapanda ndege kuja kutafuta haki kwenye mji wetu. Sisi hatuwezi. Novemba 2019 serikali ya Tanzania iliondoa tamko lililokuwa linaruhusu mwananchi mmoja mmoja na asasi kuishtaki serikali moja kwa moja pale, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa rasmi. Mama wa Kijenge anaweza kuuza chai nje ya geti la mahakama hiyo. Kuingia na shauri lake haruhusiwi.

TUNATAKA NINI

Polemiki bila madai ni kelele. Haya ni madai yangu, na nataka tuyapiganie ndani ya chama mpaka yaandikwe kwenye ilani, si kwenye fulana tu.

Moja: sheria mpya ya upangaji. Mkataba wa maandishi, ukomo wa kodi ya mkupuo, notisi ya kutosha kabla ya kupandisha kodi au kumtoa mtu.

Mbili: daftari la umiliki wa ardhi liwe wazi, ikiwemo wamiliki halisi nyuma ya makampuni. Kuanzia na miteremko ya Meru.

Tatu: halmashauri ipime kwanza, mji ukue baadaye. Na katika kila eneo linalopimwa, sehemu iuzwe kwa bei ya gharama kwa wakazi wa kipato cha chini wanaonunua kwa mara ya kwanza.

Nne: miiko ya viongozi irudi. Anayetunga sheria ya nyumba atangaze hadharani ana nyumba ngapi za kupangisha.

Tano: tamko la Mahakama ya Afrika lirudishwe.

Na chama chetu nacho kisikwepe. Mwaka 2015 Jiji hili lilitupa karibu kata zote na meya. Siku tukipewa tena, wananchi wana haki ya kutuuliza kuhusu viwanja kabla hawajatuuliza kuhusu mikutano.

Lakini msisubiri ilani. Kabla hujatoa shilingi yako, fanya haya. Ikiwa muuzaji ana hati, nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi rasmi wa hiyo hati, ada yake ni ndogo kuliko machozi. Ikiwa ni kijijini, dai muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji na uhakikishe kikao kilifanyika. Waulize majirani wa pande zote nne, na uwaulize siku ambayo dalali hayupo. Dai ridhaa ya mke au mume wa muuzaji kwa maandishi. Lipa kwa benki, si mkononi. Ukidaiwa asilimia kumi, omba risiti na kifungu cha sheria. Anza na hilo la kifungu, utaona muhuri unavyotetemeka.

Kwa wanafunzi wenzangu wa sheria mlioko Arusha: tuanze kukaa Jumamosi moja kila mwezi kwenye kata, tuwasomee watu karatasi zao bure. Mtaa wenye watu wanaojua kusoma mkataba hauibiwi kirahisi, na mtaa usioibiwa kirahisi hauchaguliwi mwenyekiti bila kupingwa.

Mkoloni aliwachomea wazee wetu nyumba ili mlima upate wageni. Hawa wa leo hawahitaji moto, wana muhuri, bei ya dola na kimya chetu. Muhuri na dola viko mikononi mwao. Kimya ni chetu, na tunaweza kukiondoa leo.

Aluta continua.